Shajara ya mradi: kufungua na kuhakiki faili za sauti za kaseti za marehemu mjomba

Jumamosi, 8 Machi 2025

Diski imefika leo kutoka Maskati, imeviringishwa katika kitambaa na kuletwa na jamaa aliyekuja kufunga Ramadhani nyumbani. Ndani yake zimo kaseti za marehemu mjomba, ambazo binamu yangu amekuwa akizihamishia kwenye kompyuta kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano: maulidi, kasida, harusi, taarabu za mitaani hapa Tanga, na mazungumzo ya wazee barazani. Nimehesabu faili 139 za sauti. Kati yake 61 zina kiendelezi (herufi za mwisho wa jina la faili) cha .flac, 38 ni .ape, 17 ni .wav, 14 ni .m4a na 9 ni .wv. Simu yangu imecheza baadhi ya .flac na .wav, lakini .ape zote imezikataa.

Rafiki mmoja amenishauri nigeuze zote kuwa MP3 nimalize kazi kwa usiku mmoja. Sitafanya hivyo, na ni vyema nieleze sababu mapema, kwa kuwa ndiyo msingi wa mradi wote. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo inakadiria kuwa sikio halitazitambua, na kilichotupwa hakirudi. Faili zilizobanwa bila kupoteza kitu, kama FLAC na APE, hufanya kazi tofauti: zikifunguliwa, hutoa sampuli (vipimo vya sauti vinavyochukuliwa maelfu ya mara kwa sekunde) zilezile zilizoingia, moja baada ya nyingine, bila hata biti moja kubadilika. Saa moja ya sauti katika kiwango cha CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili, ni baiti 635,040,000 kabla ya kubanwa. Nafasi ya kutunza faili za ukubwa huo sasa inapatikana. Kaseti zenyewe zinazidi kuchakaa, na baadhi ya sauti zilizomo ni za watu ambao hawatasema tena.

Kabla ya kugusa chochote nimenakili diski nzima kwenye diski ya pili, nikatengeneza orodha ya alama za uhakiki za SHA-256 kwa kila faili, yaani nambari fupi inayokokotolewa kutokana na faili nzima na kubadilika hata biti moja ikibadilika. Diski iliyotoka Maskati nimeifungia kabatini, na kazi yote itafanyika kwenye nakala.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya tarawehe nimeanza kuzitazama faili kwa ndani. Kiendelezi ni jina tu ambalo mtu yeyote anaweza kulibadilisha, ilhali baiti za mwanzo za faili huandikwa na programu iliyoitengeneza. Nimetumia amri ya `xxd -l 16`, inayoonyesha baiti 16 za mwanzo, kwa kila faili. Faili halisi ya FLAC huanza na 66 4C 61 43, ambazo zikisomwa kama herufi ni fLaC, ya APE huanza na herufi MAC zikifuatwa na nafasi tupu, ya WavPack (.wv) huanza na wvpk, ya WAV huanza na RIFF, na ya .m4a huwa na ftyp kuanzia baiti ya tano.

Zoezi hili la nusu saa limenipa majibu ya mambo ambayo ningeyahangaikia kwa siku kadhaa. Faili moja ya .flac ilikuwa ikikataa kufunguka kwenye programu mbili nilizozijaribu, na kumbe inaanza na RIFF: ni WAV ambayo mtu aliibadilisha jina akidhani kwamba kubadilisha jina ni kubadilisha muundo. Nimeirudishia .wav na imefunguka papo hapo. Faili nyingine mbili za .flac zinaanza na herufi ID3, yaani kuna programu iliyobandika maelezo ya mtindo wa MP3 mbele ya FLAC. Baadhi ya vichezaji huyaruka maelezo hayo, vingine huyakuta na kukata tamaa. Sauti iliyo nyuma yake ni nzima.

Nimetumia sehemu ya usiku kuelewa vizuri kile ambacho FLAC inafanya, kwa sababu sipendi kukabidhi sauti za watu wangu kwa chombo nisichokijua. FLAC ilianzishwa na Josh Coalson, toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2001, na mwezi Desemba 2024 muundo wake ulichapishwa kuwa waraka rasmi wa IETF, shirika linaloweka viwango vya mtandao, wenye nambari RFC 9639. Hilo kwangu lina uzito mkubwa, kwani maana yake ni kwamba hata programu zote za leo zikitoweka, mtu mwenye waraka huo anaweza kuandika nyingine.

Wazo lake ni kutabiri. Sauti ya mtu haiyumbi ovyo. Sampuli inayofuata kwa kawaida haiko mbali na pale ambapo zile zilizotangulia zilikuwa zikielekea. Tuchukue sampuli tano zinazofuatana: 1000, 1010, 1019, 1027, 1036. Tukitabiri kwamba kila sampuli itaendeleza mwendo wa mbili zilizotangulia, ya tatu ingekuwa 1020, lakini ni 1019, kwa hiyo kosa ni −1. Ya nne ingekuwa 1028, nayo ni 1027, kosa ni −1 tena. Ya tano ingekuwa 1035, nayo ni 1036, kosa ni +1. FLAC huandika kanuni ya utabiri, sampuli chache za mwanzo, na kisha makosa hayo madogo, ambayo hutosha katika biti chache kila moja badala ya 16. Anayefungua faili hurudia utabiri uleule, huongeza kosa, na kupata nambari ya asili. Hakuna kinachobaki kuwa makadirio tu. Makadirio yote yana sahihisho lake pembeni.

Hapo nimeelewa pia kwa nini faili za kaseti zetu ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Mvumo wa utepe, ile "shhh" inayosikika kabla ya mtu kuanza kusoma, hautabiriki, na kisichotabirika hakibaniki. Viwango vya kubana vya FLAC, kuanzia 0 hadi 8, havihusu ubora hata kidogo. Vinahusu juhudi tu: kompyuta ihangaike kiasi gani kutafuta utabiri bora.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya APE. Huu ni muundo wa programu ya Monkey's Audio ya Matthew T. Ashland, na hubana vizuri kuliko FLAC mara nyingi, lakini kwa gharama: kuifungua faili kunaihitaji kompyuta ifanye kazi karibu sawa na ya kuibana. Faili ambazo binamu alizibana kwa viwango vya juu zinaichosha kompyuta yangu ndogo mpaka feni inapiga kelele. Kichezaji cha VLC kinazifungua zote bila tatizo, kwa hiyo msomaji anayetaka kusikiliza tu anaweza kuishia hapo. Mimi nataka kuzihamishia kwenye FLAC, kwa sababu ndiyo inayokubalika kwenye simu na kompyuta nyingi za kawaida, na kuhama kutoka muundo mmoja usiopoteza kwenda mwingine usiopoteza hakugharimu kitu cha sauti.

Kila faili ya APE ni upande mzima wa kaseti, na pembeni yake kuna faili ndogo ya maandishi yenye kiendelezi cha .cue inayoonyesha kila kasida inaanzia wapi. Faili hizi ndogo zimenisumbua kwa mambo mawili. La kwanza, zinataja jina la faili ya sauti kama ilivyokuwa kabla ya kubanwa, kwa mfano `FILE "Kaseti07A.wav" WAVE`, wakati kilichopo ni Kaseti07A.ape, na hivyo kichezaji kinatafuta faili isiyokuwepo. Nimesahihisha majina kwa kihariri cha maandishi. La pili, binamu aliandika majina ya kasida kwa herufi za Kiarabu, nami nilipofungua niliona `ÞÕíÏÉ`. Nilidhani faili imeharibika. Baadaye nikatambua kwamba kompyuta yake ya wakati ule iliandika kwa msimbo wa Windows-1256, na yangu inasoma kwa msimbo mwingine. Amri ya `iconv -f WINDOWS-1256 -t UTF-8` imeyarudisha maandishi, na mahali pa vurugu ile pakatokea neno قصيدة, yaani kasida. Nimekaa nikilitazama neno hilo kwa muda.

Jambo moja la kukumbuka kwa atakayefanya kazi hii: wakati katika faili ya .cue huandikwa kwa dakika, sekunde na fremu, na sekunde moja ina fremu 75. Kwa hiyo 03:12:45 ni dakika tatu, sekunde kumi na mbili na sehemu sita za kumi. Aliyezoea mia za sekunde atakata kasida mahali pasipostahili, na neno la kwanza la msomaji litabaki upande wa pili.

Ubadilishaji wenyewe ni mstari mmoja kwa programu ya ffmpeg, `ffmpeg -i Kaseti07A.ape -c:a flac Kaseti07A.flac`. Uhakiki ndio kazi. Kwa kawaida faili ya FLAC hubeba katika sehemu yake ya mwanzo alama ya MD5 iliyokokotolewa kutokana na sampuli zenyewe kabla ya kubanwa, na `metaflac --show-md5sum` huionyesha. Kwa upande wa APE nimetumia `ffmpeg -i Kaseti07A.ape -map 0:a -f md5 -`, ambayo hufungua sauti na kukokotoa alama ya namna hiyohiyo. Alama mbili zikilingana, sampuli ni zilezile. Zote 38 zimelingana. Tahadhari yangu ni kwamba ffmpeg, isipoambiwa vinginevyo, hukokotoa alama hiyo kwa biti 16, kwa hiyo kwa faili za biti 24 ni lazima kuongeza `-c:a pcm_s24le`, la sivyo alama haitalingana na ile iliyomo ndani ya FLAC na mtu atahangaika kutafuta kosa lisilokuwepo.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeshughulikia .m4a na .wv, na zote zimeonyesha jinsi kiendelezi kinavyoweza kuficha habari.

Faili ya .m4a ni chombo tu, kama ndoo, na ndani yake panaweza kuwa na ALAC, muundo wa Apple wa mwaka 2004 usiopoteza kitu, au AAC, ambao hupoteza. Kwa jina na kwa sura huwezi kuzitofautisha. Nimeziuliza zote kwa `ffprobe`, programu dada ya ffmpeg inayosoma maelezo ya faili, nayo imenijibu kwamba tano ni alac na tisa ni aac. Zile tano nimezihamishia kwenye FLAC na kuzihakiki kama nilivyofanya kwa APE. Zile tisa nimeziacha kama zilivyo. Kuzigeuza kuwa FLAC kungezifanya kubwa mara kadhaa bila kurudisha kilichotupwa, na kibaya zaidi, kungemdanganya atakayezikuta baada yangu, akaamini kwamba ana nakala kamili ya kaseti.

WavPack, kazi ya David Bryant, ina namna ya kubana ambayo sikuijua kabla ya leo. Inaweza kugawa sauti katika faili mbili: .wv, ambayo peke yake inasikika vizuri lakini imepoteza kiasi, na .wvc, ambayo imebeba masahihisho yote. Zikikaa folda moja na jina moja, programu ya `wvunpack` huziunganisha yenyewe na kutoa sauti kamili. Kati ya faili zetu tisa, tatu ni za namna hiyo, na .wvc zake hazimo kwenye diski. Nimempigia binamu simu. Akasema, "Ndugu yangu, hizo nilidhani ni takataka za programu, nikaziacha kwenye kompyuta ya zamani." Nimemwomba asiifute kompyuta hiyo kwa hali yoyote.

Amezituma usiku huohuo, zote tatu. Nimezipanga, nikafungua, na `wvunpack -v` imethibitisha kwamba sauti ni nzima. Ndimo yalimo mazungumzo ya wazee barazani.

Alhamisi, 20 Machi

Faili moja ya WAV imeniweka macho. Binamu alikumbuka kwamba usiku wa kuirekodi aliacha kompyuta ikirekodi hata baada ya utepe kwisha, kwa jumla ya saa mbili na nusu, katika sampuli 96,000 kwa sekunde, biti 24, chaneli mbili. Faili ina ukubwa wa gigabaiti 5 na zaidi kidogo, lakini kila programu ninayoifungulia inaonyesha dakika 25 na sekunde 43 tu.

Nimekaa na kalamu. Kiwango hicho hutumia baiti 576,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa mbili na nusu ni baiti 5,184,000,000. Kichwa cha faili ya WAV kimetenga biti 32 tu za kuandikia urefu, na nambari kubwa inayoingia humo haifiki 4,294,967,296. Ikizidi hapo, hesabu huanza upya kutoka sifuri. Tofauti ya nambari hizo mbili ni 889,032,704, ambayo ukiigawa kwa 576,000 unapata sekunde 1,543, yaani dakika 25 na sekunde 43. Sauti yote imo. Ni kichwa cha faili kilichosahau hesabu. Nimeiambia ffmpeg ipuuze urefu ulioandikwa, kwa `-ignore_length 1` kabla ya `-i`, na saa mbili na nusu zote zimetoka na kuingia kwenye FLAC, ambayo huhesabu sampuli kwa biti 36 na haina tatizo hili kwa urefu wowote ambao kaseti inaweza kuwa nao.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepitisha `flac -t` juu ya faili 60 za FLAC zilizotoka Maskati. Amri hii hufungua faili yote bila kuiandika popote na kulinganisha matokeo na alama ya MD5. Faili 57 ni nzima. Mbili hazina alama, mahali pake pamejaa sifuri, kwa hiyo zinafunguka lakini haziwezi kujithibitisha. Nimeziandika hivyo katika daftari. Moja imeharibika.

Iliyoharibika ni kaseti ya maulidi ambayo mjomba mwenyewe ndiye anayesikika akisoma. Sitaki kuficha kwamba niliinuka nikatoka nje kidogo. Nilipotulia nimerudi na `flac -d -F`, ambayo huendelea mbele hata ikikuta kosa. FLAC hugawa sauti katika fremu zinazojitegemea, na kila fremu ina alama yake ndogo ya uhakiki, kwa hiyo uharibifu wa mahali pamoja hauwezi kuenea. Fremu zetu zina sampuli 4,096 kila moja, ambazo ni takriban sehemu tisa za mia za sekunde. Zimepotea tatu mfululizo. Katika upande wenye dakika 45, kilichokosekana ni chini ya theluthi moja ya sekunde, katikati ya neno moja, na mahali pake pana ukimya.

Nimeshawishika kwa dakika chache kuziba pengo kwa kunakili sauti ya jirani yake, jambo ambalo programu ya kuhariri sauti ya Audacity hulifanya kwa urahisi. Nimeacha. Nakala ya kutunza ibaki na pengo lake, na mahali palipo pengo paandikwe. Kaseti yenyewe ingali Maskati, na binamu ameahidi kuicheza upya.

Jumatano, 26 Machi

Uhakiki wa MD5 unathibitisha kwamba kilichotoka ndicho kilichoingia. Hauwezi kusema kilichoingia kilikuwa nini. Kwa hiyo leo nimetazama spektrogramu, yaani picha zinazoonyesha sauti za chini hadi za juu kadiri muda unavyokwenda, za faili zote za FLAC. Katika kaseti iliyorekodiwa moja kwa moja, sauti za juu hufifia polepole, na mvumo wa utepe huendelea kwenda juu kama ukungu unaopungua. Faili nne hazina sura hiyo. Zimekatwa kwa ukingo ulionyooka kwenye 16 kHz, na juu yake ni giza tupu, kama ukuta. Hiyo ni alama ya MP3 iliyopitia mikononi mwa mtu, ikageuzwa kuwa FLAC na kurudishwa kwa binamu kama nakala kamili. Nimeziweka katika folda ya pekee, na katika maelezo ya kila moja nimeandika kwa `metaflac --set-tag` kwamba chanzo chake kinaelekea kuwa MP3. Kama kaseti zake zipo, zinastahili kurudiwa kabla ya nyingine zozote.

Jumamosi, 29 Machi

Idi imekaribia na jamaa wameanza kufika. Kwa ajili yao nimetengeneza nakala ndogo za Opus, muundo unaopoteza kama MP3, kutoka kwenye FLAC, za kutumiana kwa simu, na nimezipa jina linaloonyesha wazi kwamba si za kutunza. Shangazi aliuliza kama atasikia tofauti. Nimemjibu kwa ukweli kwamba kwenye spika ya simu hataisikia, na hata akitumia spika ya Bluetooth sauti itabanwa upya njiani, iwe imetoka kwenye FLAC au la. Nakala kamili tunaitunza kwa ajili ya kazi ambazo bado hazijafanywa: kusafisha mvumo, kuandika maneno ya kasida, kutengeneza nakala nyingine ndogo pale miundo ya leo itakapopitwa.

Hali ya daftari usiku huu: faili 139 zimefunguliwa zote, 13 zimeandikwa kuwa zimepoteza kitu kabla hazijatufikia, mbili hazina alama ya kujithibitisha, na moja ina pengo la fremu tatu. Diski ya tatu inanakiliwa sasa hivi, na asubuhi itapelekwa kwa shangazi ikae nyumba nyingine. Binamu amepiga simu kusema kichwa cha mashine yake ya kaseti kimesafishwa kwa spiriti, na kaseti ya maulidi itachezwa Idi mosi, baada ya swala.